Mfuko wa Salfa

Mimi ni mkulima wa korosho hapa Likunja, wilaya ya Ruangwa. Elimu yangu ya dini ni ndogo. Naandika kwa kuwa neno "neema" nalilitamka kila Jumapili kwa miaka mingi bila kulijua, kama mtoto atajavyo jina la mji asioufika.

Kaka yangu, tumbo moja, aliuza mikorosho kumi na minne ya marehemu baba yetu wakati mimi nimelazwa Ndanda. Niliporudi akasema fedha zimekwisha. Tangu siku ile sikumwamkia. Tukikutana msibani tulipeana mkono kwa ajili ya macho ya watu tu. Mke wangu alinionya, nikamkaripia. Miaka tisa! Na miaka hiyo yote nalikwenda Mezani pa Bwana pamoja na wengine.

Msidhani kwamba sikujaribu. Kwaresima tatu niliweka nadhiri ya kumsamehe. Nilifunga, nikajilazimisha kumsalimu, na salamu yenyewe ilitoka baridi kama uji wa jana. Kila Pasaka ilinikuta na hasira mbili: moja juu yake, na ya pili juu yangu mimi niliyeshindwa. Nadhani wengi wetu hukwama hapo. Twafikiri neema ni ujira wa mwenye bidii.

Kisha Jumapili moja padre alitusimulia habari za Cecil Majaliwa, ambazo wazee wa Masasi na Newala wanazijua. Alikuwa Myao, akachukuliwa utumwani, akafika Unguja, na huko akapata uhuru na kulelewa na wamisionari wa UMCA. Mwaka 1886 alirudi huku kusini, akakaa Chitangali akiwahubiri Wayao wenzake. Mwaka 1890 akapewa upadre, Mwafrika wa kwanza kuupata katika misioni ile. Basi fikirini: biashara ya watumwa ilikuwa haijakoma kabisa siku zile, na miongoni mwa Wayao walikuwamo walioifanya. Mtu aliyekuwa mtumwa anarudi kubatiza watu katika nchi ile ile!

Padre hakuongeza neno. Mimi nilitoka kanisani nimenuna, nikijisemea kwamba watu wa zamani walikuwa na mioyo ya namna nyingine. Lakini kisa kile hakikuniacha. Nikilima kipo, nikilala kipo. Nikaacha kuweka nadhiri. Usiku nilisema tu, "Bwana, mimi siwezi, nawe wajua."

Hakikutokea kitu. Miezi ikapita.

Mwezi wa saba nilikuwa shambani alfajiri nikipuliza salfa, umande ungali juu ya majani. Nikafika mpakani kwa kaka. Maua ya mikorosho yake yalikuwa meupe kwa ubwiriunga, kama yaliyomwagiwa unga wa muhogo. Zamani ningalifurahi, nakiri, mwaka mmoja nilifurahi kweli. Asubuhi ile niliingoja furaha ile, haikuja. Nilichoona ni mzee mwenye mvi, tena afananaye na baba, ambaye mwaka huu hatapata kitu. Nikavuka mpaka na bomba langu, nikapuliza mpaka salfa ikaisha.

Si tendo kubwa, mfuko wenyewe ulikuwa umebaki nusu. Ila najua kwamba si mimi niliyeing'oa ile furaha mbaya, kwa maana Kwaresima tatu nalikuwa nimeivuta kwa mikono miwili, isitikisike.

Jioni kaka alikuja, akasimama uani mbali kidogo.

"Mdogo wangu, nimeona salfa kwenye mikorosho yangu."

"Shikamoo, kaka," nikasema.

Alinyamaza kitambo kabla ya kuitikia marahaba. Habari za ile mikorosho kumi na minne hatukuzigusa, wala sitawadanganya, bado huniuma, hasa siku za mnada. Lakini mke wangu alikuwa amekwisha kuleta kiti cha pili.