Intaneti ya nyumbani: piga hesabu ya mwezi

Ndugu mkulima, nawe mwenye duka, nyumbani kwangu tuna simu tatu. Kila moja ikila bando la siku la shilingi 1,000, kwa siku 30 ni shilingi 90,000. Fedha hiyo hutoka kidogo kidogo bila kuuma, hadi msimu wa mbolea ufike ndipo uone pengo.

Sasa tunatumia kifurushi kimoja cha mwezi kupitia ruta. Kabla ya kulipia, niliazima simu ya jirani mwenye mtandao ule, nikaijaribu sebuleni saa mbili usiku, wakati watu wengi wako mtandaoni. Kisha niliuliza: kinapimwa kwa GB au Mbps? GB ni kiasi, kama ndoo ya maji. Mbps ni kasi, kama upana wa bomba. Nikauliza pia bei ya ruta, maana nayo ni gharama.

Kama unasoma bei za mahindi kwenye WhatsApp tu, bando dogo la mwezi linatosha. Video ndiyo mlaji: saa moja yaweza kumaliza MB 500.

Andika kila vocha kwa wiki mbili, zidisha mara mbili, ndipo uchague.