Kidonge Kipi?

Ndugu msomaji, kabla hujaniita mwandishi, jua kwanza kwamba nina kifafa. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nataka kuzaa.

Yalianza nikiwa kidato cha pili. Asubuhi mikono inashtuka, kikombe cha chai kinaruka, mama anafoka: "We mtoto, shika vizuri!" Kumbe ndizo dalili zenyewe. Siku moja nikaanguka paredi. Wenzangu wakatimua mbio, eti mapovu yanaambukiza. Uongo mtupu, kifafa hakiambukizi.

Dawa yangu ya kwanza ilikuwa fenobabitoni, inayotumika kwa kifafa tangu 1912. Bei yake nafuu, na unaimeza mara moja tu kwa siku. Kuanguka kulipungua, lakini usingizi! Nilisinzia hadi kwenye mtihani wa kidato cha nne. Wakanibadilishia kabamazepini. Hapo sasa vikombe vikaisha nyumbani. Baadaye daktari mmoja mama akanieleza kwamba kifafa si kimoja: kipo kinachoanzia sehemu moja ya ubongo, na kipo kama changu, kinachoshika pande zote mbili kwa pamoja. Kabamazepini inakifaa kile cha kwanza. Mwenye mishtuko kama yangu inaweza kumzidishia.

Akaniandikia valproeti. Jamani! Miaka miwili sikuanguka. Nikaanza riwaya yangu, naandika mchana, maana kukesha nako huchochea kifafa.

Mwaka huu kuna kijana kaleta posa. Nilipomwambia daktari, akaweka kalamu chini. Kati ya watoto 10 ambao mama zao walitumia valproeti wakati wa mimba, mmoja hivi huzaliwa na kasoro mwilini, na 3 hadi 4 huweza kuchelewa kukua kiakili. Akashauri levetirasetamu, iliyo salama zaidi kwa mtoto. Nikauliza, inafanya kazi sawasawa? Hakunidanganya. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2021, wenye wagonjwa 520, wengi wao wa kifafa kama changu, ulionyesha kuwa valproeti inazuia kifafa hicho vizuri zaidi.

Basi dawa bora ni ipi? Bora kwa nani? Kaka yangu angekuwa na ugonjwa huu, labda asingeumiza kichwa hivi. Mimi nachagua kati ya kutoanguka na mtoto ambaye hata jina sina.

Nimechagua levetirasetamu. Tunabadilisha polepole, chini ya daktari, maana kuacha dawa ghafla ni hatari. Hasira zimenipanda, juzi nilimgombeza mama kwa ajili ya chumvi. Sijaanguka bado.

Yule kijana hajui lolote. Anadhani vidonge vyangu ni vya kichwa. Gazeti hili likitoka, nitampa asome ukurasa huu mbele yangu.