Mnyama Ambaye Sikumwona

Ewe msomaji, nalisafiri hata msitu wa Ituri, mashariki ya Kongo, kwa haja moja tu ya kumwona okapi, nami nikarudi bila ya kumwona. Lakini wahenga walisema, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Nisikilize nikwambie nilichookota.

Msitu ule si kama vichaka vya kwetu. Jua la adhuhuri hufika chini vipande vipande. Miti ya mbau imesimama kwa wingi, na kwa kuwa mimea midogo ni haba chini ya kivuli chake, mtu hujiona yumo katika jumba la nguzo lisilo na mwisho. Usiku perere hupiga makelele juu ya miti, mgeni akadhani kuna mtu anauawa.

Kiongozi wetu alikuwa mzee wa Kimbuti. Kwa kuwa mimi nalikuwa na darubini na vitabu, nalimdhania kuwa mchukuzi tu. Siku ya pili naliona kivuli kikipita, nikakifuata bila ya kumwambia. Mara miti yote ikafanana. Naliita, na sauti yangu ikamezwa na majani. Hofu ilinishika, nikakaa chini nikitetemeka.

Mzee alinifikia kwa kufuata nyayo zangu. Hakunigombeza. Alisema, "Mwanangu, macho yako yapo juu tu. Msitu husomwa chini." Akanionyesha vichipukizi vilivyokatwa karibuni, na alama ya kwato mbili katika tope bichi. "Okapi amekutazama," akasema, "wewe hukumtazama."

Naliona haya, kwani kosa langu lilikuwa la zamani. Okapi ni jamaa wa twiga, mwenye milia miguuni kama punda milia, na ulimi mrefu wa kuweza kulamba masikio yake. Wambuti walimjua tangu kale. Wataalamu wa Ulaya walimsadiki mwaka 1901, baada ya Harry Johnston kupeleka ngozi na mafuvu London. Kumbe mnyama hakuwa amefichika. Wenye kumjua ndio hawakuulizwa.

Porini okapi haishi ila Kongo. Sehemu ya msitu huo ilifanywa hifadhi mwaka 1992, na mwaka 1996 ikahesabiwa urithi wa dunia. Lakini mwaka uliofuata iliingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Wawindaji haramu na wachimbaji dhahabu wangali wakiusumbua. Msitu ukiisha, elimu ya mzee yule itakuwa kitabu kisicho na kurasa.

Basi, msomaji, uendapo mahali usipopajua, chukua darubini ukipenda. Lakini kwanza muulize mwenyeji. Mimi nalichelewa kuuliza, na okapi akapita.