Kitenzi Huja Mwisho



Wazazi wenzangu, leo naomba niweke kando mas'ala ya fiqhi niwasimulie kisa changu mwenyewe, kisa cha mzee wa chuoni aliyejikuta dawatini akijifunza Kijerumani.

Sikukusudia. Binti yangu ni muuguzi aliyehitimu, na kama vijana wengi wa Mombasa, alikaa nyumbani na cheti chake akisubiri kazi ya kudumu isiyokuja. Septemba 2024, serikali yetu na ile ya Ujerumani zilipotia saini mjini Berlin mapatano juu ya wafanyakazi, wauguzi wenzake wakakimbilia madarasa ya lugha, naye akajiandikisha. Kwa kawaida muuguzi hakubaliwi kule mpaka afikie daraja ya B2, ya nne kati ya daraja sita. Hapo mtu hatakiwi kuomba maji na kuuliza njia tu, bali kutoa hoja na kuitetea.

Darasa likimalizika usiku, nami sikupenda arudi peke yake. Basi nikawa namsindikiza, kisha naketi nje na tasbihi yangu kumngoja. Mwalimu, dada mmoja wa hapa hapa mjini, akaniona wiki nzima nikiliwa na mbu. Akaniambia, "Sheikh, ingia ndani. Kusikiliza hakulipiwi." Mwezi wa pili nilikuwa nalipa karo.

Wapo waliouliza, sheikh na Kijerumani wapi na wapi? Niliwakumbusha Zayd bin Thabit (R.A.), aliyeamrishwa na Mtume (S.A.W.) kujifunza maandishi ya Mayahudi ili amsomee barua zao. Nikawakumbusha pia kwamba hata neno "shule", tunalolitamka kila asubuhi tukiwaamsha watoto, asili yake ni Kijerumani. Sisi tulikuwa na chuo na madrasa.

Nilidhani nitakuwa mjinga wa darasa, kumbe nahau niliyofunzwa utotoni kwa Ajurrumiyya ilinifaa. Wajerumani nao wana raf'u, nasbu na jarri, ila huzionyesha zaidi katika kijineno kinachotangulia jina: der hugeuka den, kisha dem. Wana herufi zao zinazofanana na za jarri, kama mit na von, zinazolazimisha mabadiliko hayo. Wingi wao mara nyingi huvunjika tumboni mwa neno, kama kitabu kinavyokuwa kutub kwa Kiarabu: Mutter ni mama mmoja, Mütter ni kina mama. Na kwao, kama kwa Waarabu, jua ni la kike na mwezi ni wa kiume. Vijana waliokuwa wakilia na mambo haya wakaanza kuniuliza mimi.

Lililonishinda ni jingine. Katika Kijerumani, sentensi ikishaunganishwa kwa maneno kama "kwa sababu", "kwamba" au "ikiwa", kitenzi hutupwa mwisho kabisa. Msemaji atakutajia nani, lini, wapi na pamoja na nani, nawe bado hujui kilichotendeka. Sisi Waswahili hatukuzoea hivyo. Neno letu "sitaki" hukufunulia yote kwa silabi ya kwanza. Kabla mtu hajafunga mdomo umeshajua amekataa. Kwa hiyo nilikuwa najibu maswali ya mwalimu kabla hayajaisha, na kila mara najibu swali lisiloulizwa. Akawa ananiambia kwa upole, "Sheikh, kitenzi bado."

Nilipomsimulia mama watoto haya, nikitaraji acheke, alinitazama tu. "Si Kijerumani hicho," akasema. "Ndivyo ulivyo humu nyumbani. Mtoto hujamwacha hata siku moja akamaliza neno lake."

Alikuwa anasema kweli. Mambo ya safari yalikuwa yameletwa mbele yangu mara tatu, na mara zote tatu niliyakata. Binti akisema, "Baba, kuhusu kule Ujerumani…" mimi nilikwisha kujibu: mwanamke peke yake ughaibuni, chakula chao, baridi yao, swala zake nani atamkumbusha. Nilimruhusu kujifunza lugha, lakini moyoni nilisema atasoma, atachoka, ataolewa, yataisha. Huo haukuwa uadilifu. Nilimwacha mtoto apande ngazi huku nimeshika ufunguo wa mlango wa juu.

Tulipofika B2 tukaanza kufanyishwa mijadala, kwani katika mtihani watu wawili hukaa pamoja wakabishana. Jioni moja mwalimu alinipanga na binti yangu. Mada: je, kijana awaache wazazi aende kufanya kazi nchi ya mbali? Mimi nikapewa upande wa kutetea kwenda, yeye upande wa kubaki. Nikatetea kwa bidii, maana sipendi kushindwa. Nikasema elimu isiyotumika huoza, na mzazi hakumlea mtoto awe pambo la nyumba. Darasa likacheka na kupiga makofi.

Zamu yake ikafika. Akasema polepole: "Ich gehe nicht, wenn mein Vater mir nicht…" yaani, siendi, ikiwa baba yangu mimi hani… Akasita akitafuta neno. Nikajua, au nilidhani najua, kwamba atasema "haniruhusu". Nikafungua mdomo nimjibu. Kisha nikakumbuka: kitenzi bado. Nikanyamaza.

Akasema, "vertraut". Haniamini.

Hakuwa anaomba ruhusa. Alikuwa ananiambia kwamba miaka ishirini na mitano ya malezi yetu, Qur'ani aliyohitimu mikononi mwangu, na swala asizoziacha hata zamu ya usiku, vyote nilikuwa nimevihesabu si kitu. Sikuwa na Kijerumani cha kumjibu, wala Kiswahili.

Usiku ule tuliketi sote watatu hadi karibu na alfajiri, naye akasema yote mpaka mwisho. Suala la safari ya mwanamke lina hitilafu za wanazuoni, na kila nyumba imuulize imwaminiye. Sisi tulikubaliana aende pamoja na wenzake wawili tunaowajua na wazazi wao, mahali ambapo msikiti uko karibu, na kwamba akitaka kurudi arudi bila kuulizwa gharama.

Mtihani una sehemu nne, na kila moja yataka alama 60 kwa 100. Binti alifaulu zote. Mimi nilifaulu kusoma, kuandika na kuzungumza. Niliyoanguka ni ile ya kusikiliza, kwa alama sita. Mama watoto aliposikia alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya leso.

Bahati nzuri sehemu moja yaweza kurudiwa peke yake. Sasa kila Ijumaa binti hunitumia kutoka kule ujumbe wa sauti kwa Kijerumani, ili nifanye mazoezi. Nausikiliza wote, kisha nausikiliza tena, ndipo namjibu.

Wabillahi tawfiq.