Land Rover za Uani Kwangu

Tangu niache gereji za mjini na kuanza kufanyia kazi nyumbani, mtaa wa Langas hapa Eldoret, magari yanayonilisha zaidi ni Land Rover za zamani, hasa Series III ya inchi 109, ile ndefu yenye springi za vipande. Wenyewe ni wafanyabiashara wa viazi kutoka Kapsowar na Kapcherop, wa maembe kutoka bonde la Kerio, na wazee wenye mashamba mahali ambapo mvua ikinyesha Probox haifiki. Wanahitaji gari lishuke bondeni tupu, lirudi na mzigo, na kesho yake lirudie.

Kazi nilijifunza nikiwa mwanagenzi mwishoni mwa miaka ya 1980, katika gereji moja ya Eldoret iliyohudumia malori ya kwenda Malaba. Kwa muda mrefu nilikuwa wa kuosha vipuri kwa mafuta taa na kushika tochi. Fundi aliyenifunza hakuwa mtu wa maneno. Alinipa nyundo ndogo akaniambia nigonge chasisi kuanzia mbele hadi nyuma, nisikilize. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa na kutu hutoa sauti nzito, iliyokufa. Mpaka leo gari likiingia uani, kabla sijafungua boneti, nalala chini yake nikagonga.

Land Rover huficha ugonjwa wake. Ya kwanza ilipotoka mwaka 1948, chuma kilikuwa cha mgao Uingereza baada ya vita na alumini ilipatikana kwa urahisi, basi bodi ikatengenezwa kwa alumini. Bodi hiyo haishiki kutu nyekundu, na mnunuzi akiiona inang'aa huridhika. Lakini chasisi ni chuma, tena ni kama sanduku refu lenye uwazi ndani, na udongo mwekundu wa Uasin Gishu huingia humo ukakaa na unyevu wake msimu mzima. Panapooza kwanza ni mhimili wa nyuma na vishikio vya springi. Hapo nakata, nachomelea bamba jipya, kisha namimina oili chafu ndani ya chasisi ili iambae na kuzuia kutu isirudi.

Oili inayobaki siimwagi kamwe. Langas wengi wetu tunachota maji visimani, na kinachonywewa na ardhi ya uani kwangu huishia kwenye ndoo ya jirani. Naikusanya mtungini, wajenzi wa nyua huichukua kupaka nguzo zisiliwe na mchwa. Fundi wa nyumbani anayemwaga oili ovyo, mimi simhesabu kuwa fundi.

Kuhusu injini, Eldoret ina shida yake. Tuko karibu mita 2,100 juu ya bahari, na hewa hapa ni pungufu kwa takriban moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Injini ya dizeli isiyo na turbo ikiachwa na kipimo cha pampu cha pwani, inapewa dizeli isiyoweza kuichoma yote: moshi mweusi, nguvu hakuna. Maji nayo huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Ndiyo maana kifuniko cha rejeta chenye springi nzima ni kitu kikubwa huku kwetu, na ninapokuta mtu ameziba rejeta kwa kitambaa na karatasi ya nailoni, ninalikataa gari mpaka anunue kifuniko.

Mzee mmoja wa Marakwet aliniletea 109 yenye injini yake ya asili, lita 2.25, yenye nguvu za farasi sitini na kidogo. "Fundi, hii imechoka. Nataka ipande na viazi bila kusimama."

"Ya kupanda utapata, Mzee," nikamwambia. "Lakini tuanze na ya kushuka."

Hakupendezwa. Alikuwa amekuja na pesa za injini. Nikamwomba akumbuke barabara ya kutoka Iten kupitia Tambach hadi Biretwo: unateremka zaidi ya mita 1,000 kwa kona baada ya kona, na genge liko ubavuni. Breki za ngoma zikishikwa mfululizo hapo huwaka moto. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230, lakini huvuta unyevu wa hewani, na yakishalowa kiwango hicho huweza kushuka hadi 155. Yakichemka, pedali inazama na mguu haukuti kitu. Tulibadilisha mabomba yote, silinda za magurudumu, viatu vya breki na mafuta. Ndipo tukaigusa injini.

Tuliweka 200Tdi, lita 2.5 yenye turbo, aina iliyotoka na Discovery mwaka 1989, yenye nguvu zaidi ya farasi 100. Nilisimamisha nguzo tatu za mkaratusi, nikaning'iniza cheni, na vijana wa mtaa wakavuta. Uzuri wa injini hiyo ni kwamba inashikana na giaboksi ya Series bila kuundiwa kiungo kipya. Kinachokula muda ni kupata nafasi ya turbo na ekzosi. Turbo inairudishia injini hewa ambayo mlima umeipunguza. Isitoshe, ina pampu yake ya kuvuta hewa, kwa hiyo nikaweza kufunga busta ya breki. Dizeli haina mvuto wa hewa kama petroli, na bila pampu busta ni pambo tu.

Mtoto wa Mzee alitaka difu za Range Rover, za 3.54 kwa 1, gari likimbie. Nilikataa, nikaacha zile za 4.7. Gari la viazi linahitaji gia fupi, na ukiongeza mwendo na nguvu kwa pamoja, giaboksi ile ya zamani ndiyo itakayolia. Baada ya hapo Mzee alilipeleka kukaguliwa ili namba ya injini mpya iandikwe kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Hilo nalisisitiza kwa kila mteja.

Vijana huja wakitaka magari kama ya Rhino Charge, mashindano yaliyoanza mwaka 1989 kuchangia uzio wa Aberdare. Nayaheshimu sana. Lakini yale hukimbizana na vituo 13 kwa saa 10 bila gunia hata moja mgongoni. Ukiinua springi kwa kiasi kile kisha upakie viazi, utaanguka kona ya kwanza ya Tambach.

Ndugu msomaji, kama Land Rover ya baba yako imeegeshwa chini ya mti na wanunuzi wa vyuma chakavu wameanza kupita, mwite fundi kwanza alale chini yake na nyundo. Chasisi ikilia, usiiuze. Anza na breki.