Nyumba ya Krismasi

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii nimeitumia katika insha si chini ya mara tano, na kila mara mwalimu alinipa alama zangu, nikaenda zangu. Maana yake hasa sikuijua hadi nilipoingia, kwa miguu yangu miwili, katika nyumba kuukuu ya babu yangu huko Kianjai, na kisa kilichonipata huko kikanifunga mdomo. Kaa kitako, mwanachama mwenzangu, nikusimulie.

Sisi tunaishi Nairobi katika nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili. Baba yangu ni karani. Lakini si unatujua sisi Wakenya? Mtu hata akikaa mjini miaka thelathini, ukimwuliza nyumbani kwake ni wapi, hatakutajia mtaa anaolipia kodi kila mwezi. Atakutajia kijiji. Mwalimu wetu wa Historia aliwahi kutusimulia kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mkewe, Wambui, alitaka kumzika katika shamba lao karibu na Ngong. Ukoo wa marehemu, Umira Kager, ukakataa katakata, ukisema kwamba huko mtu ana nyumba tu, na nyumbani kwake ni kule kwa wazee wake. Nchi nzima ilifuata kesi hiyo magazetini, na Mei 1987 marehemu akazikwa Nyalgunga, Siaya. Tangu siku hiyo nilikuwa nikijiuliza: je, nyumba na nyumbani vinatofautiana kwa herufi mbili tu, au kuna jambo jingine?

Basi sisi kwetu ni Kianjai, Tigania, kando ya barabara itokayo Meru kwenda Maua. Unapanda matatu pale Tea Room jijini, unapita Embu na Chuka huku Mlima Kenya ukiwa upande wako wa kushoto. Ukifika Meru mjini unabadilisha gari. Unapita Nchiru, penye chuo kikuu na penye makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, na muda si muda uko sokoni Kianjai. Hapo lami inakuaga. Kilichobaki ni mwendo wa karibu saa nzima kwa miguu, katika njia ya udongo mwekundu ambayo mvua ikinyesha hata wenye pikipiki hukuambia, "Hapana, huko siendi."

Babu alijenga nyumba hiyo mwaka wa 1971. Ilikuwa miaka ile mashamba yalipokuwa yakipimwa na kukusanywa pamoja. Aliyekuwa na vipande vidogo vidogo huku na kule alipewa kimoja, naye hakukawia kujenga hapo ili aonekane amekaa. Babu alikata miti yake mwenyewe, ikapasuliwa mbao kwa ule msumeno wa kuvutwa na watu wawili, mmoja juu na mwingine chini. Akajenga nyumba kubwa ya vyumba vinne, iliyoinuliwa juu ya nguzo, na paa la mabati. Mbao zilizosalia akajengea jikoni, hatua ishirini kutoka hapo. Fundi alikuwa mmoja, miti ilikuwa ile ile, mwaka ni ule ule. Tafadhali msomaji, likumbuke jambo hilo.

Babu aliaga dunia mwaka wa 2009. Nyanya akahamia jikoni kulala, kwa sababu kuna moto na yeye hapendi baridi. Nyumba kubwa baba akaitia kufuli ili isiharibike, ikawa ya wageni. Na wageni wenyewe ni akina nani? Ni sisi! Tulikuwa tukifika Krismasi, tena ikiwa nauli haijapandishwa sana, tunapangusa vumbi, tunalala siku nne, tunafunga, tunarudi Nairobi.

Mwezi wa Agosti 2023, baba alitangaza kwamba ataikarabati. Alikuwa amedunduliza shilingi 240,000 katika chama cha akiba. "Pesa za kujenga ya mawe sina," akasema, "lakini hii ya mzee nitaifufua. Na sisi tuwe na pahali petu pa Krismasi kama watu wengine." Mimi nilifurahi mno. Nilikuwa nimechoka kuwasikia wenzangu wakisimulia nyumba zao za mashambani zenye vigae na maji ya mfereji.

Mwanzo wetu ulikuwa wa mkosi. Fundi wa kwanza alichukua pesa za mbao akatuletea mbao mbichi. Ieleweke kwamba tangu serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mwaka wa 2018, mbao zilikuwa zimepanda bei, na mwenye haraka huuziwa chochote. Baada ya wiki mbili za jua zile mbao zilikuwa zimepinda kama pembe za ng'ombe. Fundi naye simu yake ikawa haipatikani. Baba hakula chakula cha jioni siku hiyo.

Ndipo ami yangu, mdogo wake baba, akamleta fundi mwingine, mzee wa pale pale. Ami hakuondoka Kianjai. Analima mahindi na maharagwe, na anamtunza nyanya. Anaishi na mkewe na watoto watatu katika kijumba cha chumba kimoja chini ya shamba, ambacho kikinyeshewa huvuja mpaka kitandani. Hilo tulilijua sote, na hakuna aliyelisema.

Yule mzee hakuanza na futi wala penseli. Alichukua nyundo, akaingia chini ya nyumba, akaanza kugonga nguzo moja baada ya nyingine huku ametega sikio. "Hii imekufa," akasema. "Hii imekufa. Hii pia. Hii bado inapumua." Kati ya nguzo 16, zilizokufa zilikuwa 11. Ukizitazama kwa nje zilikuwa nzima kabisa, lakini nilipoibonyeza moja kidole changu kilizama kana kwamba ni mkate. Mchwa walikuwa wamekula ndani wakaacha ganda!

Kisha akaenda jikoni kwa nyanya, akagonga. Du! Du! Du! Nguzo zote zilikuwa ngumu kama jiwe.

"Lakini mzee," baba akashangaa, "si ni mbao zile zile?"

"Mbao ni zile zile," mzee akajibu. "Wenye kukaa ndio si wale wale."

Akatueleza. Mchwa hawapendi mwangaza, kwa hivyo hupanda nguzo kwa kujijengea njia ya udongo. Mama anayefagia kila asubuhi huibomoa njia hiyo, nao huanza upya. Kesho huibomoa tena. Paa likitoboka, anayelala ndani huona tone la kwanza na kuziba. Tena moshi wa kuni hukausha mbao na kuwafukuza wadudu. Nyumba iliyofungwa haina wa kufagia, haina wa kuona tone, haina moshi. "Ninyi mlikuwa mnakuja siku nne," akasema. "Mchwa walikuwa na zile zingine zote."

Kazi ikaanza. Tuliazima jeki mbili za lori. Pembe ya nyumba iliinuliwa polepole, kiasi cha upana wa kidole, ikapumzishwa, ikainuliwa tena, ili mbao zisipasuke. Nguzo iliyokufa ikatolewa, pakajengwa kinguzo cha mawe kwa simiti. Juu ya jiwe mzee aliweka kipande cha bati kilichokunjwa kingo zake chini, ndipo mbao ikalala juu yake. Mchwa akipanda hulazimika kujitokeza hadharani kulizunguka hilo bati, na hapo ataonekana. Mbao mpya tulizipaka oili chafu ya magari. Nilinuka gereji mwezi mzima!

Simiti haikorogwi kwa mate. Agosti huko kwetu ni kiangazi, na maji yalitoka mbali. Aliyeyaleta ni binamu yangu, mtoto wa ami, mwenye umri sawa na wangu. Kila siku alfajiri alikwenda na punda, akarudi na mitungi minne ya lita 20, akaenda tena, na tena. Hakuna jiwe katika nyumba ile lililoshikana na jingine pasipo maji ya binamu yangu. Hakulipwa hata peni, wala hakuuliza.

Shule zilipofungwa mwishoni mwa mwaka tulirudi kumalizia. Mvua ya mwaka huo ilikuwa si ya mchezo. Baba alikuwa ametia gata na tangi, na mbele ya nyumba akatengeneza baraza la simiti, laini kama kioo. Nililipenda baraza hilo kupita kiasi. Nilikuwa nikilipangusa asubuhi na jioni, na nikalipiga picha kuwaonyesha wenzangu wa Nairobi.

Siku tatu kabla ya Krismasi, mvua ikinyesha, binamu yangu akaja mbio na mtungi begani, miguu yake imejaa matope. Alipotaka kupanda, nilinyoosha mkono.

"We! Usikanyage hapo! Hii ni nyumba yetu!"

Akasimama. Akanitazama, kisha akautazama mguu wake. Akautua mtungi pale pale kwenye mvua, akageuka, akaenda zake. Nilipoinua macho nilimwona nyanya amesimama mlangoni mwa jikoni. Alikuwa amesikia kila neno.

Jioni tulikusanyika jikoni kuota moto. Baba akatoa kufuli jipya kutoka mfukoni, zito, lenye funguo tatu. Akaeleza kwamba tukiondoka Januari atafunga, na ufunguo mmoja atamwachia nyanya wa kupitisha upepo mara moja moja.

Ami akakohoa. "Ndugu yangu," akasema polepole, "mimi sijawahi kukuomba kitu. Lakini watoto wangu wananyeshewa hapo chini, na hapa juu kuna vyumba vinne vitupu."

Baba akakunja uso. "Mkiingia watoto wataiharibu. Unajua nimetumia pesa ngapi?"

Kimya kikatanda. Kuni zilikuwa zikilia tu motoni. Mimi nilikuwa nimeinama, maana nilihisi kwamba maneno ya baba ni yale yale yangu, yamevaa suti tu.

Nyanya akazungumza kwa Kimeru, bila kupandisha sauti. "Kijana wangu, miaka kumi na minne uliifunga isiharibike. Je, haikuharibika?"

Baba hakujibu.

"Baba yako hakujenga nyumba ya kutazamwa. Leo nimemsikia mtoto wako akimfukuza mwenzake barazani. Alifundishwa na nani?"

Lo! Laiti ardhi ingepasuka inimeze! Baba alinigeukia, nami sikuweza kumtazama usoni. Aliinuka akatoka nje. Nilimsikia akizunguka nyumba kubwa kwenye giza na manyunyu, akigonga nguzo kwa kiganja cha mkono, moja baada ya nyingine. Alikaa huko kitambo kirefu. Aliporudi alikuwa amelowa. Akachukua zile funguo, mbili akampa ami mkononi, moja akaitundika kwenye msumari juu ya meko.

"Mtatuachia chumba kimoja cha nyuma," akasema. "Na mkiona njia ya mchwa, msiningoje."

Ndugu wakigombana si vizuri mambo yabaki mdomoni, kwa hivyo waliandika mapatano katika daftari langu la Hisabati. Mabati na simiti ni juu ya baba. Kufagia, kupaka oili na kuziba matundu ni juu ya ami. Nyanya akatia kidole gumba. Tulipomwambia na yeye ahamie nyumba kubwa, alicheka. "Huko kwenu ni baridi," akasema, akabaki jikoni kwake.

Nami nilikuwa na deni langu. Alfajiri iliyofuata niliamka kabla ya jogoo, nikamngojea binamu yangu zizini. Hotuba nzima niliyoitunga usiku ilinipotea. Nikasema tu, "Nisamehe, ndugu." Alinitazama kidogo, akanikabidhi kamba ya punda. Tulipofika njiani akasema, "Shika kulia, kushoto kuna shimo." Basi. Hatujalizungumza tena hadi leo.

Tulikwenda tena Aprili 2024, wakati wa ile mvua iliyozidi hadi shule zikachelewa kufunguliwa. Safari hii hapakuwa na vumbi la kupangusa wala harufu ya popo. Uji ulikuwa mezani. Lile baraza langu la kioo limejaa nyayo za matope, na ukutani mtoto wa mwisho wa ami ameandika hesabu kwa makaa, tena nyingine amekosea. Nilipita chini ya nyumba nikagonga nguzo zote 16, nimetega sikio kama yule mzee. Zote zilikuwa zinapumua.

Mwanachama mwenzangu, huenda na ninyi mna nyumba mahali fulani, nzuri, imefungwa, inawangoja Desemba. Ukifika huko, kabla ya kuuliza ni ya nani, uliza ni nani anayeifagia. Na ukimwona mtu amesimama kwenye mvua na mtungi wa maji, mwambie akanyage.