Jabulani: Harusi Yetu na Tarumbeta la Jo'burg

Kusema ukweli, tulikwenda Johannesburg kununua nguo za harusi. Ilikuwa mwaka 2016, imebaki miezi minne, na mimi na mchumba wangu tulikuwa tumenuniana tangu uwanja wa ndege. Ugomvi ulikuwa bajeti. Yeye alitaka watu mia na pilau. Mimi nilitaka ukumbi mkubwa, mapambo ya nguvu na keki ya ngazi saba. Kadi za michango zilishaanza kugawiwa, na kila mmoja alikuwa na ndugu wa kumuunga mkono.

Siku ya pili dereva wetu, baba mtu mzima, akaweka CD kwenye gari. Tarumbeta likaanza, sauti nene kama ya mtu anayesimulia jambo. "Bra Hugh," akasema. Ndiye Hugh Masekela, na albamu ni Jabulani ya mwaka 2012, mwaka aliotimiza miaka 73. Tukauliza maana ya jina. "Furahini," akajibu. Kumbe hata ile "ni" ya mwisho tunayo: njooni, chezeni, furahini! Tukacheka, mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani.

Albamu hiyo ni ya nyimbo za harusi, zile alizozisikia utotoni mitaani. Kuna Makoti, yaani bibi harusi, na Fiela, Kisotho cha "fagia". (Hapo mchumba wangu akanitazama. Nikajifanya sijaona.)

Dereva akatupeleka Sophiatown, magharibi mwa jiji. Usitegemee mtaa wa zamani wenye muziki kila kona. Ubomoaji ulianza Februari 1955, wakazi weusi wakapakiwa kwenye malori hadi Meadowlands, Soweto, na serikali ya ubaguzi ikapaita mahali pale Triomf, yaani "ushindi". Jina la Sophiatown lilirudi mwaka 2006. Kanisa la Christ the King bado limesimama, alikohudumu Padri Trevor Huddleston, yule aliyempatia Masekela tarumbeta lake la kwanza shuleni. Mtaa wa Toby ipo nyumba ya Dk. A.B. Xuma, aliyewahi kuwa rais wa ANC. Leo ni makumbusho.

Nikiwa pale nje ya kanisa nikamfikiria yule mzee. Aliondoka kwao mwaka 1960, akarudi 1990. Miaka thelathini! Ndoa nazo hazikumwendea rahisi: alimwoa Miriam Makeba mwaka 1964, miaka miwili baadaye wakaachana. Lakini uzeeni, alipotaka kurekodi furaha, alirudi kwenye harusi za uswahilini, watu wakiimba barabarani.

"Hivi sisi watu watakumbuka nini?" mchumba wangu akauliza. Sikuwa na jibu. Najua tu haikuwa keki.

Tulirudi na suti, gauni na ile CD. Ukumbi ukawa wa watu mia mbili, tukakutana katikati. Ninachokumbuka leo ni shangazi zangu na mama zake wadogo wakishindana kuimba mlangoni mpaka MC akakata tamaa.

Masekela alifariki Januari 23, 2018. Ukifika Jo'burg, tenga asubuhi moja kwa ajili ya Sophiatown. Na kama mna harusi njiani, wekeni Jabulani kwenye gari, mkubaliane kitu kimoja: bajeti haiguswi mpaka wimbo wa mwisho uishe.